Fomu tisa juu ya kadi moja

"Mwanangu, ukingo wa kadi zako unazidi kuwa mweusi."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia Mwalimu kwenye simu, mara tu baada ya kuitikia shikamoo yangu. Siku mbili mfululizo alikuwa akiingiza maswali ya mazoezi katika rundo la kadi za kompyuta nililomtengenezea, na alikuwa na malalamiko mawili. Hilo la ukingo lilikuwa la kwanza. La pili lilikuwa zito zaidi masikioni mwangu: "Halafu kuna wakati naandika, herufi hazitokei. Nikibofya kwa kipanya zinatokea. Nikitumia kibodi peke yake, sizioni."

La herufi niliandika kwenye daftari. La ukingo sikuliandika, nikidhani ni mwangaza wa skrini yake tu. Nimejuta, maana jibu zima la tatizo lilikuwa limelala kwenye huo ukingo.

Chombo nilichotumia kulitengeneza ni LiveCode, programu ya kutengenezea programu nyingine, ambayo ni ya ukoo wa HyperCard, ile aliyoibuni Bill Atkinson akiwa Apple na kutolewa mwaka 1987. Mpango wake ni uleule hadi leo: faili ni rundo, rundo lina kadi, kadi ina visanduku vya maandishi na vitufe, na kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kubeba skripti yake, yaani maagizo mafupi ya kufuatwa na kompyuta. Kwa kazi ya mazoezi, ambapo kila kadi ni swali moja, sijapata chombo kinachonikaa mkononi kama hiki. Unachokiona ndicho unachokihariri, na mtu asiyejua programu hata kidogo anaelewa kadi ni nini.

Kadi ya kwanza niliifanya kiolezo. Juu yake kulikuwa na kundi moja nililoliita "fomu", na ndani yake visanduku vitatu, cha swali, cha jibu na cha maelezo, pamoja na kitufe cha Kadi Mpya. Kundi zima nililipa kivuli chepesi pembeni ili lionekane limeinuka kidogo juu ya kadi. Mwalimu akibofya kile kitufe, skripti ilifanya mambo mawili:

create card
copy group "fomu" of card "kiolezo" to this card

Yaani: tengeneza kadi mpya, kisha nakili fomu kutoka kwenye kiolezo uibandike hapa. Kwa njia hiyo nilijaza maswali 40 mwenyewe bila hitilafu yoyote. Ukijumlisha na kiolezo, rundo lilikuwa na kadi 41, kila moja na fomu yake.

Kabla ya kumkabidhi, nilitaka kila kadi ikifunguka ionyeshe ni swali la ngapi. Skripti hiyo niliiweka kwenye fomu yenyewe. Sasa, katika LiveCode, kundi la kawaida halipokei ujumbe wa kwamba kadi imefunguka. Ili liupate, inabidi uwashe sifa inayoitwa backgroundBehavior, ambayo inaliambia kundi: kuanzia sasa wewe ni mandharinyuma ya kadi, si kitu kilichowekwa juu yake tu. Ni kisanduku kimoja cha kutia tiki. Nikakitia tiki kwenye kiolezo, nikapanga kadi za zamani nizishughulikie jioni. Jioni ile sikupata nafasi, na asubuhi Mwalimu alikuwa anasubiri faili. Nikalituma hivyo hivyo.

Baada ya simu yake nilifungua rundo langu, nikaenda kwenye kadi mojawapo ya zamani, nikabofya Kadi Mpya. Ikatoka kadi safi. Nikaandika, nikahifadhi, nikaisoma tena. Hakuna kasoro. Nikarudi kwenye kadi nyingine ya zamani, nikabofya tena, hali ikawa ileile. Nikampigia.

"Mwalimu, kwangu inafanya kazi."

"Sasa kwangu haifanyi. Njoo uone, au nikutumie faili?"

Alinitumia faili. Ninamshukuru sana kwa hilo, kwa sababu angeweza kuchoka akaacha, na mimi ningebaki naamini kwamba kazi yangu ni nzima.

Kwanza nilijaribu kuyatoa maswali yake yote kwenye faili la maandishi. Kadi 13 zilitoka tupu au pungufu. Niliifungua mojawapo ya zile tupu kwa macho yangu: swali liko pale, jibu liko pale, maelezo yako pale, herufi nyeusi kwenye kisanduku cheupe. Skripti inasema hakuna kitu. Na kwenye mojawapo ya zile pungufu, kadi ya 52, skripti ilileta kitu cha ajabu zaidi. Mimi naona swali refu linaloanza na neno "Taja", yenyewe imeleta herufi mbili tu: "Ta".

Hapo ndipo nilipokumbuka ukingo mweusi. Nikaiweka kadi ya 48 na kadi ya 56 bega kwa bega kwenye skrini. Kivuli cha ile ya 48 kilikuwa chepesi kama nilivyokichora. Cha 56 kilikuwa kimekolea kama wino. Kivuli kile nilikifanya kipenye mwanga, na kitu kinachopenya mwanga ukikirudia juu ya kingine mahali palepale, kinakolea. Nikashika fomu ya kadi ya 56 kwa kipanya nikaivuta pembeni kidogo. Chini yake kulikuwa na fomu nyingine, sawa kabisa, tupu. Nikaivuta na hiyo. Chini yake, nyingine. Nilivuta hadi nikafika tisa.

Niliandika skripti fupi ya kupita kadi moja moja na kuhesabu fomu. Kadi ya 1 hadi ya 17, fomu moja kila kadi. Halafu, kuanzia ya 18: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Kadi ya 24 ikarudi kwenye moja, na moja ikaendelea hadi ya 47. Kuanzia ya 48: moja, mbili, tatu, na kuendelea, hadi tisa kwenye kadi ya 56. Jumla fomu 107.

Kisha nikafanya jambo ambalo nusura linipoteze. Nilikusanya namba za utambulisho za fomu zote, nikaondoa zilizojirudia, nikazihesabu. Zikawa 56. Rundo lina kadi 56 na fomu 56. Kwa hesabu hiyo hakuna kilichozidi! Nilikaa na namba hizo mbili, 107 na 56, kwa muda mrefu kuliko ningependa.

Tofauti ya namba hizo ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Kwenye programu hii fomu inaweza kufika kwenye kadi kwa njia mbili, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ukiinakili, inazaliwa fomu mpya yenye namba yake ya utambulisho, isiyo na uhusiano tena na ile ya mwanzo. Ukiiweka kwa amri ya "place", hakizaliwi kitu: fomu ni ileile moja, ila sasa inaonekana kwenye kadi mbili, na kila kadi ina maandishi yake ndani ya visanduku vilevile. Ya kwanza ni kumpa mwenzako nakala ya ufunguo wa nyumba. Ya pili ni kumhamishia humo humo mkaishi pamoja.

Na kuna kanuni ambayo nilikuwa nimewahi kuisoma bila kuitia akilini: unapotengeneza kadi mpya ukiwa umesimama kwenye kadi yenye kundi lililowashwa backgroundBehavior, kundi hilo huwekwa kwenye kadi mpya lenyewe. Hulazimiki kuliita. Ni kanuni nzuri, na watu wengi huitegemea. Mimi niliiamsha kwa tiki moja, halafu nikaiacha skripti yangu iendelee kunakili juu yake.

Sasa tazama ilivyokwenda. Mwalimu yuko kwenye kadi ya 47, ya zamani. Fomu ya kadi hiyo niliinakili kabla ya ile tiki, kwa hiyo si mandharinyuma. Anabofya Kadi Mpya: haiji fomu yenyewe, inakuja nakala moja kutoka kwenye kiolezo. Kadi ya 48 ina fomu moja, safi. Lakini nakala hiyo imerithi tiki ya kiolezo. Anabofya tena akiwa kwenye 48: fomu ya 48 inawekwa yenyewe kwenye 49 pia, na juu yake skripti inabandika nakala mpya. Mbili. Anabofya akiwa kwenye 49: zile mbili zinawekwa kwenye 50, nakala moja inaongezwa. Tatu. Na kuendelea hivyo, kila kadi ikibeba mzigo wote wa kadi iliyotangulia na kuongeza wake.

Ndiyo maana kwangu haikutokea. Kila nilipojaribu nilianzia kwenye kadi ya zamani na kubofya mara moja, na bofyo la kwanza kutoka kadi ya zamani hutoka safi siku zote. Kama ningebofya mara mbili mfululizo ningeiona hitilafu siku ileile. Na ile ngazi ya pili, ya kadi ya 18 hadi 23, ni siku ambayo Mwalimu alirudi kusoma maswali ya mwanzo, akafika la kadi ya 17, akaona linahitaji ndugu zake sita, akaanza kuongeza hapo. Kadi mpya huingia mara baada ya ile uliyosimama. Hesabu ikaanza upya kutoka moja.

Nimeshaulizwa na mtu kama hili lingetokea kwenye HyperCard yenyewe. Kwa sura hii, hapana: kule kila kadi ilikuwa na mandharinyuma moja tu, basi. Uhuru wa kuwa na makundi mengi kwenye kadi moja ni wa hawa wajukuu zake.

Malalamiko mengine yote yalijieleza baada ya hapo. Vitu viwili vyenye jina moja kwenye kadi moja si kosa kwa programu hii. Ukivitaja kwa jina, inachukua kile kilicho kwenye tabaka la chini kabisa. Mwalimu anaandika kwenye fomu ya juu, kwa kuwa ndiyo anayoiona na kuibofya. Skripti yangu ikitafuta kisanduku cha "jibu" inashuka hadi chini, kwenye fomu tupu. Zile kadi 13 zilizotoka tupu au pungufu ni zote zenye fomu zaidi ya moja, hazikuzidi wala kupungua. Na kibodi nayo hufuata tabaka: ukibonyeza Tab, safari huanzia kisanduku cha chini kabisa. Mwalimu ni mtu wa kibodi, alizoea mashine ya kuandika. Alifungua kadi ya 52, akabonyeza Tab, akaanza "Ta", hakuona herufi, akaacha, akabofya kwa kipanya, akaanza upya. Herufi zile mbili zilibaki kule chini, chini ya fomu nyingine nne. Alikuwa ameniambia kila kitu kwa usahihi kwenye simu, neno kwa neno.

Kuelewa kulinichukua siku moja. Kurekebisha kulichukua mbili, na hapa naomba aliye na rundo lenye ugonjwa huu anisikilize vizuri kabla hajagusa kitufe cha kufuta.

Nilitengeneza nakala ya faili, na majaribio yote nikayafanya humo. Wazo la kwanza linalomjia mtu ni kufuta fomu za chini na kubakiza ya juu. Nilikwenda kwenye kadi ya 50, yenye tatu, nikafuta ya chini kabisa. Ikatoweka. Kadi ya 50 ikabaki na mbili, nikafurahi. Kisha nikapita kwenye kadi ya 48, ile ambayo haikuwa na tatizo lolote, nikakuta karatasi nyeupe. Hakuna swali, hakuna jibu, hakuna hata kitufe. Ile fomu ya chini ya kadi ya 50 ndiyo ilikuwa fomu pekee ya kadi ya 48! Amri ya "delete" huliondoa kundi kwenye rundo zima, popote linapoonekana, pamoja na maandishi yote yaliyoandikwa ndani yake kwenye kila kadi. Inayoliondoa kwenye kadi moja na kuliacha kwingine ni "remove". Kama lingekuwa faili halisi la Mwalimu, bofyo langu moja lingefuta kazi yake mwenyewe, na yeye alikuwa ameshaandika siku mbili kwa macho yanayochoka haraka.

Na hata kwa "remove", kubakiza fomu ya juu peke yake kungekuwa makosa. Kwenye kadi ya 21, kisanduku cha jibu cha fomu ya juu kilikuwa kitupu. Jibu lilikuwa kwenye fomu ya chini kabisa, limekamilika, na nukta mwishoni. Siku hiyo aliendelea kuandika bila kuona herufi akidhani kompyuta ni nzito na itamfikia mbele ya safari.

Kwa hiyo nilianza na kuokoa maandishi, fomu baadaye. Skripti ilipita kila kadi, na kwa kila kisanduku ikakusanya maandishi kutoka fomu zote, ikitumia namba za utambulisho badala ya majina, kwa kuwa jina hapa lilikuwa limeshapoteza maana. Kama ni fomu moja tu yenye maandishi, ikayachukua. Kama ni zaidi ya moja, haikuchagua. Iliandika zote kwenye orodha ya pembeni ili mtu aamue. Visanduku vinne viliingia kwenye orodha hiyo. Nilimsomea Mwalimu kwenye simu, kimoja kimoja, na kwa kila kimoja alijua papo hapo lipi ni lake la mwisho. Kile cha "Ta" tulikimaliza kwa sekunde mbili. Kimoja kilikuwa na maelezo mawili tofauti ya swali moja, yote mazuri, na akaniambia niyaunganishe.

Maandishi yalipokuwa salama nje ya fomu, nililiacha kundi moja tu, lile la kiolezo, nikafuta mengine yote 55. Kisha nikaliweka hilo moja kwenye kila kadi kwa "place", na kurudisha maandishi kwenye kadi zake. Nikahesabu tena kwa ile skripti: moja, moja, moja, hadi kadi ya 56. Nikahesabu namba za utambulisho: moja. Hivi ndivyo ingepaswa kuwa tangu kadi ya kwanza. Maswali yote yana sura moja, na nikitaka kukuza herufi nakuza mahali pamoja. Kunakili kungefaa kama kila kadi ingehitaji fomu ya umbo lake, na hapa hakuna haja hiyo.

Kwenye skripti ya Kadi Mpya nilifuta mstari wa pili. Imebaki "create card" peke yake, na fomu inafuata yenyewe. Chini yake nimeongeza ukaguzi: kadi mpya ikizaliwa na fomu zaidi ya moja, au bila fomu, programu inasimama na kusema hivyo kwa Kiswahili, kabla mtu hajaandika herufi hata moja. Safari hii nilibofya Kadi Mpya mara 20 mfululizo, nikarudi katikati ya rundo nikabofya mara 10, nikaenda kwenye kiolezo nikabofya mara 5, kisha nikahesabu zote.

Jambo linalofanana na hili nimeliona pia kwenye Anki, programu ya kadi za kukariri, ingawa njia yake ni nyingine. Kule ukiongeza kiolezo cha kadi kwenye aina fulani ya noti, yaani taarifa ambazo kadi huzaliwa kutokana nazo, kila noti ya aina hiyo inazaa kadi ya ziada, na mtu aliyetaka kiolezo kimoja cha kujaribia anajikuta na mamia ya kadi mpya. Anayetaka kujaribu bila kugusa noti zake anapaswa kuinakili aina nzima ya noti. Swali la kujiuliza ni lilelile: hiki ninachokinakili kitajitegemea, au kimefungwa kwenye vyote vilivyopo?

Mwalimu amesharudishiwa faili, na jana alifika kadi ya 83. Nilimuuliza kama nitoe kivuli, kwa kuwa sasa hakina kazi kubwa. Akasema nikiache, anakitazama kila akifungua kadi mpya.